Padre Rebmann wa Rabai

Mtu akitoka Mombasa na kushika njia ya bara, akiisha kuiacha mikoko na maji ya chumvi nyuma yake, hufika mahali ambapo nchi huanza kupanda. Hapo pana vilima vyenye minazi mingi, na juu ya vilima hivyo ndipo ilipo Rabai. Si mbali na pwani, yapata kilomita 20 tu. Katika nchi hiyo ya vilima alikaa Mzungu mmoja, jina lake Johannes Rebmann, tangu mwaka wa 1846 hata mwaka wa 1875. Alipokuja alikuwa kijana wa miaka 26, mwenye nguvu na haraka nyingi. Alipoondoka alikuwa na miaka 55, naye hakuweza kuiona njia aliyoikanyaga.

Watu wengi hulijua jina lake kwa ajili ya asubuhi moja tu ya maisha yake, yaani asubuhi ile alipouona mlima Kilimanjaro. Lakini asubuhi ni moja, na miaka ni 29. Habari hizi ni za asubuhi ile, na zaidi ni za miaka ile mingine.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart. Siku hizo Ujerumani haikuwa nchi moja. Kijiji chake kilikuwa katika ufalme mdogo ulioitwa Württemberg. Wazazi wake walikuwa wakulima, na nchi yao ni nchi ya mizabibu. Mzabibu ni mmea usiotaka mkulima mwenye pupa: hupandwa, hukatwa matawi, hufungwa kwenye vijiti, na mwenyewe hungoja miaka kadha wa kadha kabla ya kuonja kitu. Mtoto aliyekulia huko aliyaona hayo kila mwaka, ingawa ilikuwa bado sana kwake kujua kwamba naye atakuja kungoja namna hiyo.

Alipokuwa kijana aliingia shule ya misheni katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi, kisha akapelekwa London katika chuo cha chama cha misheni kiitwacho C.M.S. Mwaka wa 1845 alipewa daraja ya upadre, na mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, akashuka pwani ya Mombasa.

Huko alimkuta mtu wa nchi yake, Dakta Ludwig Krapf, aliyetangulia kufika miaka miwili nyuma. Krapf alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa nchi ngeni. Mwezi wa Julai 1844, muda mfupi tu baada ya kufika Mombasa, mke wake na mtoto wao mchanga walikufa, akawazika ng'ambo ya kisiwa. Walakini hakurudi kwao. Alikuwa na shauri kubwa moyoni mwake: alitaka kuwe na vituo vya misheni, kimoja baada ya kingine, kama shanga katika uzi, toka Mombasa hata pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann alipoyasikia hayo, moyo wake ukawaka. Ni shauri lifaalo kumpendeza kijana, maana ndani yake mna safari nyingi, na kukaa kitako ni kuchache.

Tarehe 25 Agosti 1846 ndiyo siku waliyoiweka ya kwenda Rabai kuanza kazi. Siku hiyo wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa. Krapf aliona kwamba wakingoja mpaka wapone hawataondoka kamwe, basi wakaondoka hivyo hivyo. Walikuwa na punda mmoja, nao walikuwa wamepatana kumpanda kwa zamu. Lakini mwendo ulipoendelea Krapf hakuweza tena kusimama kwa miguu yake, kwa hiyo Rebmann alimwachia punda, akatembea njia nzima akitetemeka kwa homa. Walipofika kwenye mteremko wa kilima, hata punda alishindwa, ingawa mgongo wake ulikuwa mtupu. Wakaupanda kwa taabu kubwa. Ndivyo misheni ya Rabai ilivyoanza, na wawili hao wangaliulizwa siku ile kama itadumu, yamkini wasingalijua la kujibu.

Wenyeji wa Rabai ni jamaa moja katika jamaa tisa za Mijikenda, ambao zamani walikuwa wakiitwa Wanyika. Mji wao wa asili ulikuwa kaya, yaani ngome iliyozungukwa na msitu, na mashauri yao yalikatwa na wazee. Wazee hao waliwapokea wageni kwa heshima, wakawapa ruhusa ya kujenga. Lakini kupewa mahali pa kujenga si kupewa mioyo ya watu. Wageni walipoanza kuhubiri, wachache walikuja kusikiliza, kisha hata hao wachache wakapungua. Walikuwa na mashamba yao, minazi yao, ngoma zao na mizimu yao, na mambo haya yaliwatosha. Wala si haki kuwalaumu. Mtu atokaye mbali, asiyejua kusema vema, akisema mambo mazito kwa maneno yaliyovunjika, nani atamsikiliza siku nzima na kazi shambani inamngoja?

Kwa hiyo ilimpasa Rebmann kwanza kuwa mwanafunzi. Hapakuwa na kitabu cha lugha ya Kirabai. Kwa Kiswahili palikuwa na kazi aliyokwisha kuianza Krapf, nayo ilikuwa changa. Padre aliyesoma Basel na London alikaa chini akaulizwa na kuchekwa kama mtoto mdogo, kwa kuwa alikosea kutamka maneno ambayo watoto wadogo wa Rabai waliyasema bila kufikiri.

Kazi hiyo haikumtosha kijana mwenye shauri la safari moyoni. Mwezi wa Oktoba 1847 alikwenda nchi ya Wataita, akarudi salama. Mwezi wa Aprili 1848 akaondoka tena, kwenda Uchaga. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, na pamoja nao walikuwa watu wanane. Wafanya biashara waliokwenda huko walizoea kuchukua watu wengi wenye silaha, kwa kuwa nyika ilikuwa na wanyama wakali na watu wa vita. Rebmann yeye alichukua mwavuli. Huo mwavuli ulipata sifa baadaye, na kweli ulimfaa sana, maana mvua za masika zilikuwa zikinyesha.

Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, walipokuwa wakiikaribia milima ya Uchaga, Rebmann alitazama mbele akaona kilele cha mlima mmoja mrefu kimefunikwa na kitu cheupe sana. Alidhani kwanza ni wingu. Akamwuliza kiongozi kitu kile ni nini, naye hakuwa na jina jingine la kukiita ila baridi. Neno hilo lilitosha. Rebmann alikulia katika nchi ambayo theluji huanguka kila mwaka, akatambua mara moja kwamba ile ni theluji, ingawa yuko karibu na Ikweta. Walipopumzika aliketi, akafungua kitabu chake akasoma Zaburi ya 111, isemayo habari za matendo makuu ya Mungu.

Wachaga walizijua habari za mlima wao tangu zamani. Walimweleza ya kuwa mfalme mmoja wa Machame alipeleka watu wapande wakatazame kitu kile cheupe, kwa kuwa watu walidhani ni fedha. Katika wote waliokwenda alirudi mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, na mikono na miguu yake imeharibika. Watu walisema ni kazi ya mashetani wa mlimani. Rebmann, alipozisikia habari hizo, aliona kwamba ni baridi kali iliyowaua. Kwa hiyo hakuwa amegundua jambo lisilojulikana, kama ilivyoandikwa katika vitabu vingi; wenyeji walijua, hata wamelipa kwa roho za watu. Yeye aliwapelekea watu wa Ulaya habari hizo, basi.

Nao watu wa Ulaya hawakuzisadiki. Habari za safari yake zilichapwa London mwaka wa 1849, na mara wakatokea wataalamu waliosema haiwezekani theluji kukaa katika nchi ya jua kali. Aliyepinga zaidi ya wote ni bwana mmoja aitwaye Desborough Cooley, mjuzi wa ramani, ambaye hakuwahi kufika huko. Yeye alisema Rebmann hakuona vema. Ni jambo gumu kuambiwa na mtu aliye mbali, aketiye chumbani mwake, kwamba macho yako yamekudanganya. Krapf naye aliuona mlima huo mwaka ule ule wa 1849, na mwezi wa Desemba akauona mlima Kenya, nao una theluji. Hata hivyo wenye shaka hawakunyamaza.

Rebmann hakurudi Ulaya kujitetea. Ilipita miaka zaidi ya kumi. Mwaka wa 1861 alikuja tajiri mmoja Mjerumani, von der Decken, akaenda Kilimanjaro, na mwaka wa 1862 akaenda tena akapanda mpaka juu sana, na huko theluji ikamwangukia yeye na mwenzake. Baada ya hayo ubishi ukaisha. Chama cha wanajiografia cha London kikampa von der Decken nishani ya dhahabu. Padre wa Rabai alikuwa akiendelea na kazi yake.

Lakini tumekwisha kupita mbele ya habari. Inafaa kurudi mwaka wa 1849, kwa kuwa ndio mwaka uliombadili Rebmann, nao ni mwaka wa kushindwa.

Baada ya safari ya kwanza ya Uchaga alikwenda mara ya pili mwishoni mwa mwaka wa 1848, akafika Machame, na mfalme Mamkinga akampokea kwa wema. Basi mwezi wa Aprili 1849 akaondoka mara ya tatu, na mara hii alikusudia kupita Uchaga aendelee mpaka Unyamwezi, akaanze ule uzi wa shanga alioutaka Krapf. Alikuwa na wapagazi kama 30 na mizigo ya vitambaa na ushanga, kwa kuwa bila hongo hakuna nchi iliyopitika. Alipofika Machame, Mamkinga hakuwa tena rafiki. Siku baada ya siku alidai zawadi, na mgeni akiisha kutoa, hudaiwa nyingine, hata mali iliyowekwa kwa ajili ya safari ndefu ikaishia pale pale. Ndipo Rebmann, aliyekuwa mgonjwa tena, akalia machozi. Watu walipomwona walidhani analilia vitambaa vyake. Yeye aliwaeleza kwamba mali ile ilitoka kwa watu wema wa nchi yake, walioitoa ili habari njema zifike mbali, na sasa njia imefungwa. Akarudi Rabai katika mvua na matope, mikono mitupu, na Unyamwezi hakuiona maisha yake yote.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mmoja wa wamisionari wapya waliokuja kumsaidia, Johannes Wagner, akafa kwa homa, muda mfupi tu baada ya kufika.

Tangu hapo mawazo ya Rebmann yakaanza kugeuka, si kwa siku moja, ila polepole, kama maji ya bahari yanavyogeuka kutoka kujaa hata kupwa. Krapf aliendelea kupenda safari. Rebmann alianza kuona ya kuwa mtu apitaye haraka katika nchi za watu hawajui watu hao, wala wao hawamjui. Na kama neno lake halijaota mahali pamoja, litaotaje mahali ishirini? Wawili hawa waliopanda kilima pamoja wakawa na mashauri mawili. Walibishana, na wakati mwingine kwa uchungu. Mwaka wa 1853 Krapf, ambaye afya yake ilikuwa imeharibika, akarudi Ulaya. Erhardt, mwenzao mwingine, akaondoka mwaka wa 1855. Rebmann akabaki.

Hakubaki peke yake kabisa. Mwaka wa 1851 alikuwa amekwenda Misri akamwoa mwanamke Mwingereza, Emma, aliyekuwa akifanya kazi ya misheni huko Cairo. Bibi Emma alijifunza lugha ya watu wa Rabai, akafundisha wanawake na watoto. Walipata mtoto, naye akafa angali mchanga sana. Hawakupata mwingine.

Na mavuno? Mtu wa kwanza wa Rabai aliyeamini alikuwa kiwete, jina lake Mringe. Alikuwa akija mara kwa mara nyumbani kwa wamisionari, akiketi na kuuliza maswali mpaka usiku, kwa kuwa alikuwa na akili ya kutafuta mambo. Alibatizwa akiwa karibu na kufa. Kisha miaka ikapita. Hapa ndipo penye shida kwa mtu atakaye kusimulia maisha ya Rebmann, maana hakuna mengi ya kusimulia. Mvua za masika zilikuja, zikaenda; vuli ikaja. Jumapili alisoma sala na watu wachache. Siku za kazi alizungumza na waliopita njiani, akafundisha watoto waliokubali kufundishwa, nao mara nyingi walikuwa hawakubali kwa muda mrefu. Mwaka wa 1857 Wamasai wakaingia nchi ile kwa vita, na watu wakakimbia. Rebmann na mkewe walikwenda Mombasa, kisha Unguja, wakakaa huko yapata miaka miwili. Mtu mwingine angaliona kwamba huo ndio mwisho, wala hakuna ambaye angemcheka. Wao walirudi, wakaanza tena.

Katika Ulaya watu waliotoa fedha zao kwa misheni waliuliza kama kazi hiyo ina faida. Lilikuwa swali la haki. Rebmann hakuwa na hesabu nzuri ya kuwapelekea. Mara kwa mara alihuzunika, naye si mtu aliyejua kuificha huzuni yake kwa maneno matamu. Lakini aliamini ya kuwa aliyempeleka ni Mungu, si hesabu, na Mungu hakumwambia aondoke.

Tena alikuwa na kazi moja ambayo haikuhitaji watu wengi. Aliandika maneno. Siku hizi mwanafunzi akifungua kamusi huona maneno yamepangwa kwa taratibu, akadhani yalijipanga yenyewe. Sivyo. Kila neno lilisikiwa kwanza kinywani mwa mtu. Mwandikaji hulisikia mara moja, akadhani maana yake ni hii. Akalisikia mara ya pili mahali pengine, akaona alikosa. Akauliza wazee watatu, akapata majibu matatu. Ndipo akafuta akaandika upya. Rebmann aliandika hivyo lugha ya Rabai na jamaa zake. Aliandika pia Kiswahili, akatafsiri Injili ya Luka kwa lugha hiyo.

Kamusi ya tatu ilikuwa ya ajabu zaidi. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Salimini, aliyezaliwa mbali sana, katika nchi iliyo upande wa ziwa Nyasa. Alikamatwa akauzwa, akaletwa pwani akiwa mtumwa. Tangu mwaka wa 1853 hivi Rebmann alikuwa akiketi naye, akimwuliza maneno ya kwao. Salimini hakuwa na kitu alichochukua kutoka kwao isipokuwa lugha. Waliomwuza hawakuweza kumnyang'anya hiyo. Jina la kila kitu kilichokuwa katika kijiji chao, vyombo, miti, samaki, ndege, sherehe, desturi za mazishi, yote yalikuwa kichwani mwake. Neno kwa neno aliyatoa, na padre akaandika. Wawili hao, mmoja aliyetolewa kwao kwa nguvu na mmoja aliyeacha kwao kwa hiari, waliketi katika kilima cha Rabai wakiijenga nchi ya Nyasa katika karatasi, na hakuna hata mmoja aliyejua kama itapata kusomwa.

Kutokana na habari za wasafiri na watumwa kama hao ikatoka pia ramani. Rebmann na Erhardt waliwauliza watu wa misafara waliotoka bandari mbalimbali za pwani, na wote walisema kwamba mwisho wa njia zao kuna maji makubwa. Basi wakachora bahari moja kubwa katikati ya nchi, nayo ilikuwa na umbo la konokono asiye na nyumba. Ramani hiyo ilipofika London yapata mwaka wa 1855 wengi waliicheka, na kweli haikuwa sahihi, maana maji hayo ni maziwa matatu mbalimbali: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Lakini waliocheka walitaka kujua. Mwaka wa 1857 wakaja Burton na Speke, ambao walimtembelea Rebmann kabla ya kwenda bara. Ilikuwa imetazamiwa afuatane nao. Miaka kumi nyuma angaliruka kwa furaha. Sasa alikataa, akakaa.

Kosa lake lilikuwa moja, na wenzake walilisema. Hakuridhika na alichoandika. Daima kulikuwa na neno lingine la kuhakikisha, na ukurasa mwingine wa kusahihisha, kwa hiyo vitabu havikuchapwa. Makaratasi yalilundikana katika nyumba yake miaka nenda miaka rudi. Subira nayo ina upande wake wa pili, na wakati mwingine mtu mwenyewe hajui amevuka mpaka lini.

Mwaka wa 1864 alipata wasaidizi. Hao walikuwa Waafrika waliookolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa walipokuwa watoto, wakalelewa na misheni huko Nasik, karibu na Bombay, katika Bara Hindi. Mmoja wao ni William Jones, ambaye baadaye alikuwa padre. Hao walizifahamu huzuni za watu wa nchi hii kwa namna ambayo Mzungu hakuweza.

Mwaka wa 1866 Bibi Emma akafa, wakiwa wameishi pamoja miaka 15. Na baada ya hapo macho ya Rebmann, yaliyoandika maelfu ya maneno kwa nuru ya taa hafifu, yakaanza kufifia. Yale macho ambayo Cooley alisema hayakuona vema yalikuwa yakifungika kweli. Hata hivyo hakuacha kamusi zake. Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kupatana na Sultani Barghash wa Unguja kuikomesha biashara ya watumwa, alipita Rabai. Alimkuta huyo mzee karibu kuwa kipofu, bado ameshughulika na maneno yake, na waamini wake walikuwa wachache, hata wangeweza kuketi wote katika jamvi moja au mawili.

Hapo ndipo mambo yaliyokuwa yamelala yakaamka kwa upesi. Mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini ulitiwa sahihi mwaka huo wa 1873. Ilihitajiwa nchi ya kuwaweka watu waliookolewa, pamoja na watu wa kuwafundisha kwa lugha wanayoifahamu. Mwishoni mwa mwaka wa 1874 alikuja Padre Price, akajenga mji wao karibu na Mombasa, ulioitwa Freretown. Hakuanza na nchi tupu. Alikuta kituo cha Rabai kimesimama tayari, na waamini wachache wanaojulikana, na lugha zilizokwisha kuandikwa. Na wazee wa nchi walikuwa wamezoea kwa miaka karibu 30 kukaa na wageni ambao hawakuwaibia wala kuwauza.

Mwaka wa 1875 Rebmann akaiaga Rabai. Kijana wa pale aliyeitwa Isaac Nyondo alimshika mkono akafuatana naye mpaka Ulaya. Krapf alikuwa angali hai, naye alikaa katika mji mdogo wa Korntal karibu na Stuttgart. Wale waliobishana walikuwa wazee sasa. Rebmann akahamia Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani, na huko akafa tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf alipokufa mwaka wa 1881 alizikwa katika makaburi yale yale.

Mwaka ule alipokufa Rebmann, Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapwa. Kamusi ya lugha ya Rabai ilitoka mwaka wa 1887. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400, waliokuwa wametoroka utumwani na kukimbilia misheni, walipewa hati zao za uhuru katika kilima kile kile, baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Na ile kamusi ya Salimini, Krapf aliitengeneza kutoka katika makaratasi ya marehemu, ikachapwa mwaka wa 1877. Miaka miwili kabla, Waskoti walikuwa wamefika ziwa Nyasa kwa mashua yao, wakajenga kituo cha kwanza mwambaoni, wakaanza kuwauliza watu wa huko majina ya vitu.